Leseni ya bastola Texas: "kutiwa hatiani" siyo unavyodhani

Mkuu, umesema mwaka 2012 ulikiri kosa mahakamani Houston, jaji akaahirisha hukumu, ukamaliza muda wa uangalizi na kesi ikafutwa. Sasa unataka kuomba leseni ya kubeba bastola na kujaza kwamba hujawahi kutiwa hatiani. Usijaze bado.

Mimi yangu niliichukua 2014, enzi hizo bado inaitwa leseni ya bastola iliyofichwa. Nilienda darasani na hamu ya kulenga shabaha tu: risasi 50, yadi 3, 7 na 15. Mwalimu, polisi mstaafu, akatuweka saa nzima kwenye kifungu 411.171 cha sheria za Texas, kile cha tafsiri ya maneno. Watu wanapiga miayo.

Akafika kwenye "kutiwa hatiani". Kwa sheria hii ni kukutwa na hatia, AU amri ya kuahirisha hukumu, hata kama ulishamaliza uangalizi ukaachiwa. Jamaa wa Kikongo niliyekaa naye akaacha kuandika, kalamu ikabaki hewani. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Ndugu yangu, lakini juji alisema ile mambo imekwisha." Jaji hakumdanganya. Imekwisha kwenye kesi, haijaisha kwenye leseni. Na uhamiaji nao, ukishakiri na ukapewa adhabu au masharti yoyote, wanakuhesabu umetiwa hatiani, kwa hiyo mwenye grin kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) awe makini mara mbili.

Kwako kuna nafuu. Kama lilikuwa kosa dogo la daraja A au B, kizuizi ni miaka 5. Kama ni kosa kubwa, kuahirishiwa hukumu zaidi ya miaka 10 iliyopita hakuhesabiwi tena, isipokuwa kwa makosa fulani mazito, hasa ya kudhuru watu. Kama ni pombe, hesabu vizuri: kutiwa hatiani mara 2 ndani ya miaka 10 kwa makosa ya ulevi, daraja B kwenda juu, sheria inakuita mraibu hata kama leo unakunywa soda.

Waliosema "tangu Septemba 2021 leseni haihitajiki" wako sawa kwa kiasi kikubwa, ila ukivuka kwenda majimbo mengine yanayoitambua utaitaka.

Neno jingine linaloponza watu ni "eneo" la baa, zile zenye bango la 51% kwa rangi nyekundu, maana yake zaidi ya nusu ya mapato ni pombe ya kunywewa pale pale. Kisheria eneo ni jengo, maegesho hayamo. Siku za mpira bastola yangu inabaki garini, imefungiwa, naingia mikono mitupu.

Daraja la kosa lako hukulitaja. Litazame kwenye karatasi ya amri ya mahakama, halafu njoo PM (ujumbe wa faragha). Usiliandike hapa.