Kabla hujanunua gongo la softboli la wazee, soma muhuri

Jamaa mmoja anayeishi Kansas ameniandikia kwa hasira. Ametimiza miaka 52, akajizawadia gongo lenye muhuri wa Senior Softball USA, chama cha softboli ya wazee, ule wa 1.21, akaenda nalo kwenye ligi ya jiji ya siku za kazi. Mwamuzi akaliondoa uwanjani kabla mpira haujarushwa. "Kaka, si waliniambia 1.21 ndiyo kiboko?" Ni kiboko kweli, ndugu yangu, na ndiyo maana limekataliwa. Usiliuze. Litunze kwa mashindano ya wenye miaka 50 na kuendelea, na kwa ligi hiyo tafuta lenye muhuri wa chama kingine, USA Softball.

Wengi wetu tunaocheza huku Marekani tunadhani mihuri ni madaraja ya ubora. Sivyo. Nambari 1.20 ya USSSA, chama cha tatu, na 1.21 ya wazee zinaeleza mpira unavyodunda kwenye gongo ukilinganishwa na unavyodunda kwenye ukuta mgumu, yaani 1.21 ni asilimia 21 zaidi ya ukuta. USA Softball, ambao zamani waliitwa ASA, wana kipimo kingine: tangu muhuri wao wa 2004 wanaangalia kasi ya mpira uliokwisha kupigwa, na kikomo ni maili 98 kwa saa, karibu kilomita 158. Mizani ni mbili, kwa hiyo usizilinganishe nambari hizo moja kwa moja. Halafu kuna mpira wenyewe. Wa USA Softball huandikwa 52/300, wa wanaume wa USSSA 40/325, wa wazee 44/375; nambari ya kwanza ni mdundo wa mpira, ya pili ni ugumu wake. Gongo lile lile hubadilika tabia ukibadilisha mpira.

Haya sikuyajua kwa kuzaliwa. Hapa Minnesota, kwenye kikao cha ligi yetu, niliuliza kwa nini tunaruhusu gongo lolote. Mzee mmoja akanijibu mbele ya watu kwamba mimi nimekulia kwenye kandanda, mambo ya magongo niwaachie wenyewe. Wakacheka. Nilicheka nao, lakini niliporudi nyumbani sikula. Nilichapisha kanuni za vyama vyote vitatu, nikazisoma mpaka mke wangu akaanza kuninunia.

Kikao kilichofuata nilikwenda na hoja moja tu. Mrushaji wetu ana miaka 68 na anasimama futi 50 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa maili 98 kwa saa unamfikia kwa takriban theluthi ya sekunde. Je, tumpe mpigaji gongo kali zaidi ya hapo? Kimya. Kura zikapigwa: ligi ya kila wiki ni muhuri wa USA Softball pekee, na mrushaji anavaa kinyago. Leo hao hao waliocheka wananitumia picha za mihuri usiku wa manane, "hili linafaa?" Nawajibu. Sina kinyongo, ingawa yule mzee bado hajaniomba radhi.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Wako watu wanaochonga ukuta wa gongo kwa ndani ili liwe jembamba na lirushe zaidi, kisha wanatembea nalo likiwa na muhuri halali. Muhuri unasema gongo lilivyotoka kiwandani, hausemi ulilifanyia nini gereji. Mtu mzima, mwenye wajukuu, unataka kumvunja mwenzako taya kwa ajili ya kombe la plastiki? Kwenye baadhi ya mashindano gongo hubanwa kwa mashine, na likibonyea kupita kiasi halichezi. USSSA nao wameshakaza masharti, ndiyo huo muhuri wao mpya wenye 240, yaani kipimo cha nguvu ya kulibonyeza gongo. Soma kanuni za ligi yako za mwaka huu, si za mwaka ulioanza kucheza.

Na magongo ya nyuzi za kaboni yana maringo ya baridi. Chini ya nyuzi joto 15 hivi hupasuka kirahisi, na Aprili ya Minnesota haina huruma, kwa hiyo mazoezi ya mapema natumia la aluminiamu.

Ukinunua lililotumika, mwambie muuzaji akutumie picha ya muhuri kwanza, rangi baadaye. Ukikutana naye, litikise karibu na sikio. Likilia kama kayamba, mwachie.