Maswali ya Wasomaji: Tangazo Limetumwa, Mwanafunzi Hakuliona

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri, na muhula huu nina wanafunzi zaidi ya mia mbili katika somo moja. Matangazo yote huyatuma kwa barua pepe ya chuo, lakini kila tarehe ya mwisho ikipita hawakosekani wanaokuja kuniambia kwamba hawakuliona tangazo. Wenzangu wananishauri niachane na barua pepe nifungue kundi la WhatsApp. Nilijaribu muhula uliopita. Simu yangu haikupumua mchana wala usiku, na mwanafunzi mmoja wa kike akanieleza kwamba ameanza kusumbuliwa na watu asiowajua. Nifanye nini?

Jibu: Pole na kazi, Mwalimu. Nianze na huyo binti, kwa sababu tatizo lake ni zito kuliko la matangazo. Katika kundi la WhatsApp, namba ya simu ya kila mwanachama inaonekana na wenzake wote, na kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Mwanafunzi aliyeingia humo kwa sababu ya somo lako hakuchagua kuwagawia watu mia mbili namba yake. Wewe ndiye uliyemgawia, ingawa hukukusudia. Mtafute, umsikilize, na umsaidie kulifikisha jambo hilo kwenye ofisi ya chuo inayohusika na wanafunzi. Ukitaka kuendelea na WhatsApp, tumia chaneli, huduma iliyoanzishwa mwaka 2023, ambamo wafuasi hawaoni namba za wenzao. Hata hivyo, kujiunga kuwe kwa hiari, na asiyejiunga asikose taarifa yoyote ya lazima.

Sasa matangazo. Ushauri wa wenzako siukubali, lakini siukatai wote. Barua pepe ya kwanza ya mtandaoni ilitumwa na Ray Tomlinson mwaka 1971, na hadi leo chombo hicho kina tabia za barua: kina anwani, mada na tarehe, nacho humsubiri msomaji wake. Ujumbe wa kundi hausubiri mtu. Mwanafunzi aliyelala saa 3 akiamka anakuta mazungumzo themanini, na tangazo lako limefukiwa katikati yake. Kwa hiyo kila uamuzi unaohusu tarehe, alama, chumba cha mtihani au mabadiliko ya kazi uandikwe kwenye barua pepe, na ujumbe mfupi utumike kumkumbusha mtu aende kuisoma: “Nimewatumia barua pepe kuhusu kazi ya pili, tafadhali isomeni leo.” Ukiandika undani wote katika sehemu zote mbili, siku utakaposahihisha sehemu moja utakuwa na matangazo mawili yanayopingana, na mwanafunzi atafuata lile linalompendeza.

Halafu zitazame barua zenyewe. Mada inayosema “Taarifa muhimu” haisemi kitu, na mwanafunzi aliyeipokea mara kumi huacha kuifungua. Andika: “Kazi ya pili: mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni.” Hata asiyeifungua amekwisha kupata kiini. Sentensi ya kwanza iseme anachotakiwa kufanya, na sababu zifuate baadaye, kwa kuwa wengi wanasoma kwenye simu na mistari ya juu ndiyo inayoonekana kabla ya kitu kingine. Kama maelezo ni mafupi, yaweke ndani ya barua badala ya kiambatisho, maana kupakua faili kunakula bando, na wako wanafunzi wanaolihesabu.

Kwenye saa nakuomba uwe mwangalifu sana. Niliwahi kupokea kazi nne zilizochelewa siku nzima, na niliposoma tangazo langu upya nikaona kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika “usiku wa Ijumaa, saa 6”. Kwa baadhi ya wasemaji wa lugha yetu, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi linapozama. Kwa wengine, ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Juu ya hayo, mfumo wa chuo ulikuwa ukionyesha 23:59. Tangu siku hiyo sipangi mwisho wa kazi usiku, na saa naitaja kwa namna mbili: saa 11 jioni, ambayo kwenye mfumo ni 17:00.

Ukiwaandikia wengi nje ya orodha rasmi ya somo, weka anwani zao kwenye sehemu ya nakala fiche, ile iliyoandikwa Bcc, ili zisionekane na kila mpokeaji. Na wiki ya kwanza ya muhula waambie wazi ni wapi matangazo yatakuwa, na ndani ya muda gani utawajibu. Mwanafunzi anayejua kwamba utajibu ndani ya siku mbili za kazi hana sababu ya kukupigia saa 5 usiku.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Niliugua, nikashindwa kumaliza kazi. Nimemwandikia mwalimu wangu mara tatu WhatsApp, “Shikamoo mwalimu”, tiki za buluu zinaonekana lakini hajibu. Je, amenikasirikia?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuugua. Sidhani kama amekasirika. Tiki za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, basi. Na salamu peke yake haimwambii wewe ni nani wala unahitaji nini. Salamu ni adabu, usiiache, lakini iandamane na haja yako katika ujumbe uleule. Tumia barua pepe yako ya chuo, uandike hivi: “Shikamoo Mwalimu. Mimi ni,” ukitaja jina lako, namba ya usajili na somo. “Niliugua tangu Jumatatu hadi Alhamisi, na sikuweza kumaliza kazi ya pili. Naomba kuongezewa siku nne. Cheti cha daktari ninacho. Naomba kujua nikiwasilishe kwa nani.” Undani wa ugonjwa wako si lazima uutaje, na cheti usikiweke kwenye kundi la darasa hata kidogo. Siku mbili za kazi zikipita kimya, usianze barua mpya. Jibu juu ya ileile ya kwanza, ili mwalimu aone tarehe uliyomwandikia.