Boksi la Bahati: Utajuaje Labubu Wako ni Orijino?

Tangu Labubu waanze kuning'inia kwenye mabegi ya wanafunzi na pochi za kina dada hapa Mwanza, maswali yanayotufikia yanafanana: wa kweli anapatikana wapi, na tunabadilishanaje bila kupigwa? Kwa asiyewajua, hawa ni midoli inayouzwa ndani ya maboksi yaliyofungwa. Unalipa kwanza, halafu ukifungua ndipo unajua umepata yupi. Labubu alichorwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, na kampuni ya Pop Mart ya China ikaanza kumtengeneza mwaka 2019.

*Kuna kaka anapita maofisini na Labubu kwa shilingi 15,000. Boksi limeandikwa Pop Mart. Anasema ni mzigo uliobaki kiwandani, ndiyo maana bei iko chini. Nichukue?*
Msomaji, Kirumba

Usichukue, dada. Hesabu peke yake inamkataa. Labubu wa toleo la Big Into Energy, lililotoka Aprili 2025, aliuzwa yuani 99 kwenye maduka ya Pop Mart huko China. Ukikadiria yuani moja kwa shilingi 350, hiyo ni shilingi 34,650 akiwa bado rafuni, kabla ya nauli, kodi na faida ya anayekuuzia. Hawezi kufika Mwanza akauzwa 15,000. Na hiyo habari ya mzigo uliobaki isikuhadae: bidhaa inayopangiwa foleni haibaki kiwandani.

Lakini bei kubwa nayo si ushahidi, kwa sababu wapo wanaouza feki kwa bei ya orijino. Mkague hivi. Anza na boksi likiwa limefungwa. Karatasi ya orijino haing'ai sana, rangi zake zimepoa na maandishi madogo ya nyuma yanasomeka hadi herufi ya mwisho. Boksi feki mara nyingi limekolezwa rangi, na maandishi madogo yamevimba wino. Tafuta stika ya kukwangua, kama vocha ya simu. Ukishakwangua, skani msimbo wa QR, na kabla hujasoma chochote angalia anwani iliyofunguka. Inatakiwa iwe popmart.com, herufi kwa herufi. Wenye feki hufungua tovuti zinazofanana na hiyo, zikiwa zimeongezwa kistari au neno moja tu, na huko kila msimbo unajibiwa kuwa ni halali.

Hata tovuti ikiwa yenyewe, soma jibu lote. Msimbo wa kweli unaweza kunakiliwa na kubandikwa kwenye mamia ya maboksi feki. Ukiambiwa msimbo huo umeshakaguliwa mara nyingi wakati boksi ulilikwangua wewe mwenyewe, hapo kuna walakini.

Sasa mdoli mwenyewe. Labubu ana meno tisa. Hesabu. Akiwa na manane au kumi, umemaliza kazi. Akiwa na tisa endelea, maana feki nzuri siku hizi zimejifunza kuhesabu. Pitisha kidole kwenye mpaka wa uso na manyoya: wa kweli umeshikana vizuri, feki huacha alama ya gundi au uwazi ambao ukucha unaingia. Macho yawe sawa kwa urefu, rangi ya mashavu isivuke mstari. Matoleo mapya yana mchoro kwenye wayo ambao hauonekani kwa macho; mmulike kwa ile tochi ndogo ya kukagulia noti, mchoro utajitokeza. Matoleo ya mwanzo hayana mchoro huo, kwa hiyo usimkatae Labubu wa zamani kwa kigezo hicho kimoja.

*Sitaki tena kubahatisha mtaani. Niagize wapi, na nifanyeje mzigo ufike Mwanza salama?*
Msomaji, Buzuruga

Njia tunayoiamini zaidi ni kumtumia ajenti wa mizigo aliyeko Guangzhou, hawahawa wanaowaletea wafanyabiashara wetu nguo na vipuri. Ila mpe maagizo kwa maandishi: anunue kwenye duka la Pop Mart lenyewe au duka lao rasmi la mtandaoni, si sokoni kwa jumla, na akutumie picha ya risiti yenye jina la duka, tarehe na bidhaa. Ajenti atakayesema risiti haina umuhimu, mwache. Ukija kumuuza mdoli huyo baadaye, risiti ndiyo itakayokutetea, kwa hiyo itunze hata kama umeshafungua boksi.

Ukipenda kununua mwenyewe kwenye programu ya Pop Mart, angalia kwanza orodha ya nchi wanazopeleka mzigo kabla hujaweka kadi yako. Na mtu akijiita wakala rasmi, mwambie akuonyeshe jina lake kwenye orodha ya maduka iliyo humo humo kwenye programu.

Gharama inayowashtua wengi ni ya kilo. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kutegemea kipi ni kikubwa. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 6,000. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 20 ina ujazo wa 24,000, sawa na kilo 4, hata kama midoli iliyomo haifiki kilo mbili. Kwa hiyo agizeni pamoja, watu watatu au wanne, katoni ijae. Halafu uliza swali hili kabla ya kulipa: bei ya kilo imejumuisha kodi? Kama haikujumuisha, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 vinakungoja, tena vinapigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri.

Kutoka Dar es Salaam, mzigo ukija kwa basi hadi stendi ya Nyegezi, sisitiza katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na magazeti katikati. Kamba iliyokazwa hukata kona za boksi, na kwa mkusanyaji boksi lililobonyea linashusha thamani hata kama mdoli hana doa.

*Nimenunua maboksi sita ya rejareja nikitegemea kupata aina zote sita. Nimepata tatu tu, moja limejirudia mara tatu. Nimeibiwa? Na yule wa siri anapatikanaje?*
Mwanafunzi, Malimbe

Hukuibiwa, ni hesabu ya bahati. Aina zikiwa sita na ukanunua maboksi sita mojamoja kutoka sehemu mbalimbali, nafasi ya kupata zote sita ni kama 1.5 katika 100. Kwa mwendo huo, kukamilisha aina zote kunahitaji wastani wa karibu maboksi 15. Ndiyo maana tunakushauri ununue seti nzima iliyofungwa kiwandani: maboksi sita ndani ya boksi kubwa, na kwa kawaida hayajirudii.

Wa siri, yaani yule adimu aliye nje ya aina sita za kawaida, ni jambo lingine. Kwa Labubu hawa wa manyoya kiwango kilichoandikwa ni 1 kwa 72, na akiwemo kwenye seti huchukua nafasi ya mmoja wa kawaida. Usidhani ukinunua 72 umempata. Kwa maboksi ya kuokoteza, bado kuna kama 37 katika 100 kwamba utamkosa. Matoleo mengi ya vijisanamu vya plastiki vyenye aina 12 yana kiwango cha 1 kwa 144. Na ujue kwamba maboksi ya rejareja kwa walanguzi mara nyingi yameshatikiswa na kupimwa kwenye mizani ya kupimia dhahabu, ili kumbaini wa siri. Yaliyobaki mezani ni yale waliyoyakataa. Anayekuuzia boksi lililofungwa kwa bei ya juu akiapa kwamba wa siri yumo, muulize kwa nini hajalifungua mwenyewe.

Kwa hao watatu waliojirudia, baki na mmoja, wawili badilisha. Piga picha ya mdoli mbele, nyuma na wayo, pamoja na boksi, kadi yake na kile kifuko cha ndani, vyote kwenye picha moja. Mdoli asiye na kadi hubadilishwa kwa hasara. Thamani ipime kwa bei ambayo wenzake wameshauzwa, si bei iliyotangazwa. Kutangaza ni bure. Kutaneni mchana mahali penye watu, kwa mfano Rock City Mall, na kila mmoja amkague mdoli wa mwenzake kabla ya kuachia wa kwake.

Mtu akiwa Bukoba, Musoma au Ukerewe, pesa isitangulie mzigo. Tafuteni mtu mnayemwamini wote wawili apokee na kukagua, ndipo ulipe. Kwenye simu, jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lazima lifanane na la uliyekubaliana naye. Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe wa kupokea pesa, angalia salio.

*Hamjambo. Mjukuu wangu ana miaka minne, anamlilia Labubu. Nimnunulie hata huyo wa bei rahisi?*
Bibi, Ilemela

Hatujambo. Shikamoo, bibi. Hapana, na hasa huyo wa bei rahisi. Hata orijino boksi lake limeandikwa umri wa miaka 15 na kuendelea. Feki ni hatari zaidi: Agosti 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilionya kwamba midoli bandia ya Labubu inaweza kumkaba mtoto mdogo. Vuta jicho na mguu wa huyo wa mtaani, utaona vinavyong'oka. Mtafutie mdoli wa kitambaa ulioshonwa macho kwa uzi.

*Vijisanamu vyangu vya plastiki vimeanza kunata, na viko kwenye kabati la kioo. Naishi karibu na ziwa. Ni unyevu?*
Msomaji, Capri Point

Unyevu unachangia, ila mkosaji mkubwa ni joto lililofungiwa. Plastiki laini ina mafuta ya kuilainisha, na kabati likipigwa jua bila hewa kupita, mafuta hayo hutoka juu na kunata, kisha vumbi linagandia. Hamisha kabati mbali na dirisha, au acha mlango wazi kidogo. Jua pia huchuja rangi, nyekundu na waridi zikitangulia.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini, kausha kivulini. Spiriti na kiondoa rangi ya kucha usiviguse. Vinaondoa rangi yote ya macho. Usipange viwili vikigusana, maana rangi ya kimoja huhamia kwa mwenzake. Pale chini weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe masika. Labubu wa manyoya yeye haloweshwi: futa uso kwa kitambaa chenye majimaji, manyoya yachane kwa mswaki mkavu.