Tazama Pande Zote Mbili za Utando: Ushauri kwa Anayeanza Baiolojia

Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo sijaona mada ambayo wanafunzi huipoteza mapema kama ile ya namna vitu vinavyoingia na kutoka kwenye seli. Chanzo chake nakijua. Mwanafunzi hukabidhiwa fasili tatu siku ya kwanza, ya difusheni, ya osmosi na ya usafirishaji amilifu, akazikariri usiku mmoja, na tangu hapo kila swali likija hukimbilia kutaja jina kabla hajatazama kilichopo mbele yake. Ushauri wangu kwako unayeanza ni mmoja, na yote yanayofuata hapa ni maelezo yake: kabla ya kutaja jina la mchakato wowote, chora mstari mmoja uwe ndio utando, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, andika kilichopo upande huu na kilichopo upande ule pamoja na kiasi chake, kisha jiulize kitu hicho kinapitia wapi na nani anayelipia safari yake.

Mstari huo uujue vizuri. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi, kiasi kwamba ungelazimika kupanga tando zaidi ya laki moja, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene wa milimita moja. Mwaka 1925 Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta yote kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanafunika eneo linalokaribia mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kuwa mafuta hayo yamejipanga katika tabaka mbili. Tunajua sasa kwamba kila molekuli ya fosfolipidi, ndiyo mafuta hayo ya utando, ina kichwa kinachopatana na maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo vichwa hutazama nje na ndani ya seli, ilhali mikia hufichana katikati. Protini zimepachikwa humo, nyingine zikivuka utando mzima kama milango.

Wengi hudhani utando ni chekeche, kwamba kidogo hupita na kikubwa hubaki. Dhana hiyo iache leo. Ayoni ya sodiamu ni ndogo mno, lakini imebeba chaji ya umeme, ndiyo maana huitwa ayoni, na imezungukwa na molekuli za maji zilizoing'ang'ania, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye ukanda wa mafuta ulio katikati ya utando. Oksijeni na kabonidayoksaidi hazina chaji, nazo hupita humo bila kubisha hodi. Homoni zenye asili ya mafuta, ambazo molekuli zake ni kubwa kuliko ile ya sukari iitwayo glukosi, hupita pia, na glukosi yenyewe hukwama. Ukiulizwa kama kitu fulani kitapita, anza kwa kuuliza kama kinapatana na mafuta au na maji, na kama kina chaji; ukubwa uuulize baadaye.

Kuhusu difusheni sina mengi ya kusema, kwa sababu sehemu hii wanafunzi huielewa upesi: molekuli hutoka penye wingi kwenda penye uchache, kwa mwendo wake zenyewe, bila seli kutumia nishati. Nakuomba uzingatie mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba molekuli huenda pande zote mbili wakati wote, na tunachokiita difusheni ni ile ziada ya zinazokwenda upande mmoja juu ya zile zinazorudi; wingi ukilingana, mwendo hauishi, ziada ndiyo inayoisha. La pili ni umbali. Molekuli ndogo ndani ya maji huvuka mikromita 10, ambao ni upana wa seli nyingi za wanyama, kwa muda usiozidi sehemu ya kumi ya sekunde. Milimita moja itaichukua dakika nane au zaidi, na sentimita moja zaidi ya nusu siku, kwa kuwa umbali ukizidishwa mara kumi, muda huzidishwa mara mia. Kwa hesabu hiyo utaona kwa nini seli ni ndogo, kwa nini kuta za vifuko vya hewa mapafuni ni nyembamba, na kwa nini mwili wako unahitaji moyo wa kusukuma damu.

Osmosi, yaani mwendo wa maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye vingi zaidi vilivyoyeyuka, ndiyo nitakayokaa nayo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza kazini niliandaa jaribio la viazi mviringo. Ili nisichelewe asubuhi, nilimenya na kukata vipande vyote jioni iliyotangulia, kila kimoja sentimita 5, nikaviacha usiku kucha kwenye beseni la maji ili visigeuke vyeusi. Asubuhi wanafunzi walivipima tena vikiwa na sentimita 5 na kitu, wakaweka vingine kwenye maji na vingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya saa moja vile vya kwenye chumvi vilikuwa vimelegea, ukikishika kimoja unaweza kukipinda hadi ncha zake mbili zikutane bila kuvunjika. Vile vya kwenye maji havikurefuka hata chembe. Wanafunzi wachache waliandika walichokiona. Wengine waliandika kwamba kipande kimeongezeka milimita tatu kwa sababu kitabu kilisema kitaongezeka, na mimi niliwapa hao alama zote, wale wa kwanza nikawaandikia wapime upya. Kosa hilo bado linaniuma, maana wale wachache ndio walioona sayansi. Viazi vilikuwa vimekunywa maji usiku kucha, seli zimejaa, na kuta zake ngumu zilikuwa zikisukuma kuelekea ndani kwa nguvu inayotosha kuzuia ziada yoyote ya maji kuingia. Kama ningechora mstari na kuandika hali ya pande zote mbili pale saa mbili asubuhi, ningeyajua matokeo kabla ya kuyaona.

Jaribio hilo lifanye mwenyewe nyumbani, na uongeze kipande kingine ambacho umekichemsha. Weka kipande hicho kwenye maji yasiyo na chumvi na uone kama kitakakamaa. Hakitakakamaa, kwa sababu moto umeharibu tando za seli zake, na pasipo utando hakuna osmosi hata kama maji na chumvi vipo.

Kinachowachanganya wengi katika osmosi ni lugha. Kitabu kimoja kinasema maji hutoka kwenye ukolezi mdogo kwenda kwenye ukolezi mkubwa, kingine kinasema hutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, na mwanafunzi anaona vitabu vinagombana. Havigombani: cha kwanza kinapima chumvi au sukari iliyoyeyuka, cha pili kinapima maji. Usiandike kamwe neno ukolezi peke yake; andika ukolezi wa nini. Vivyo hivyo maneno haipatoniki (wenye vilivyoyeyuka vingi zaidi), haipotoniki (wenye vichache zaidi) na isotoniki (ulio sawasawa) ni maneno ya kulinganisha, kama vile mrefu na mfupi. Hakuna mmumunyo ulio haipatoniki ukiwa peke yake mezani. Uko hivyo ukilinganishwa na seli fulani. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 katika lita moja, ni isotoniki kwa chembe nyekundu za damu yako, ndiyo maana hospitalini huweza kutiwa kwenye mshipa. Chembe hizohizo ukizitia kwenye maji matupu huvimba na kupasuka, kwa kuwa hazina ukuta kama wa kiazi. Ukizitia kwenye chumvi kali hunywea.

Jikoni hali hii utaiona kila siku ukitaka. Mama anayekata vitunguu vya kachumbari huvinyunyizia chumvi, akaviacha kidogo, kisha akavikamua. Yale maji yanayotoka yalikuwa ndani ya seli dakika chache zilizopita. Ng'onda wa Pwani hudumu kwa sababu chumvi na jua humnyang'anya maji samaki, na bakteria anayetua juu yake hunyang'anywa pia. Shambani, mkulima anayemwaga mbolea ya chumvichumvi nyingi karibu kabisa na shina husema mbolea imeunguza mahindi, na kilichotokea ni kwamba udongo umekuwa na chumvi kuliko mizizi, maji yakashindwa kuingia au yakatoka. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakishindwa mtihani wa osmosi wakielewa siku walipolielezea jambo hili kwa wazazi wao wakulima.

Sasa rudi kwenye swali la vitu vinavyopitia wapi. Vile ambavyo mafuta ya utando huvikataa hupita kwenye protini. Kuna mifereji mahsusi ya maji, akwaporini, ambayo Peter Agre wa Marekani aliibainisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kuna wabebaji wa glukosi, na hapa kumbuka kwamba mbebaji ni mithili ya kivuko chenye viti vya kuhesabika: ukiongeza glukosi nje ya seli, kasi ya kuingia hupanda, kisha hufika kikomo viti vyote vikijaa, jambo ambalo hutaliona kwenye difusheni ya kawaida. Swali la mchoro wenye mstari unaopanda na kisha kulala huulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hilo. Kupitia mlangoni peke yake hakugharimu nishati iwapo kitu kinateremka kutoka wingi kwenda uchache. Wanafunzi wengi wakisikia protini imetajwa huandika usafirishaji amilifu papo hapo, na hukosa.

Gharama huanza pale kitu kinapopandishwa kutoka uchache kwenda wingi, na huo ndio usafirishaji amilifu. Ndani ya seli yako kuna potasiamu milimoli 140 hivi kwa lita (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe), nje kuna 4 tu. Sodiamu ni kinyume chake, nje ipo karibu 140 na ndani 10 hadi 15. Hali hiyo isingedumu kama kusingekuwa na pampu inayotoa ayoni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu kwa kila molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli. Jens Christian Skou wa Denmark aliichapisha kazi yake juu ya pampu hiyo mwaka 1957, akiwa ametumia neva za miguu ya kaa, akaja kupewa Tuzo ya Nobel miaka arobaini baadaye. Ukitaka kujua kama usafirishaji fulani ni amilifu, uliza kitatokea nini seli ikinyimwa oksijeni inayoihitaji kutengeneza ATP hiyo. Mizizi ya mahindi kwenye shamba lililotuama maji hukosa hewa, ikashindwa kuvuta madini, na majani yakawa ya njano ilhali mbolea ipo.

Vitu vikubwa mno, kama bakteria anayemezwa na chembe nyeupe ya damu, havipiti mlango wowote: utando hujikunja ukavizunguka na kuvifungia ndani ya kifuko. Hilo pia hutumia nishati.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo naona kila mwanafunzi alielewe kabla hajaiacha mada hii, hasa ninyi mnaokusudia kwenda vyuo vya uuguzi na utabibu. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Sumu ya bakteria huzilazimisha seli za utumbo mwembamba kumwaga kloridi, sodiamu ikaifuata, na maji yakafuata chumvi. Ukimnywesha maji matupu, hakuna kinachoyavuta kurudi ndani. Lakini kuna mlango ambao sumu hiyo haiufungi, nao ni protini inayoingiza ayoni mbili za sodiamu pamoja na molekuli moja ya glukosi, na haifanyi kazi ipasavyo kimoja kikikosekana. Wazo la mlango huo wa pamoja lilitolewa na Robert Crane huko Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa India na nchi ambayo sasa ni Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Chora sasa mstari wako. Ndani ya utumbo upande huu, seli na damu upande ule. Sodiamu inateremka kuingia kwenye seli kwa sababu pampu ya Skou, iliyoko upande wa pili wa seli hiyohiyo, inaitoa bila kuchoka na kuipeleka kwenye damu. Glukosi inapandishwa kwa mgongo wa sodiamu. Maji yanafuata vyote viwili kwa osmosi. Michakato mitatu uliyoikariri kama vichwa vitatu vya habari inafanyika hapo kwa pamoja.

Kisha chukua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha kwenye maji kwa anayeharisha, usome maelezo yake. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 una milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, na jumla ya vilivyoyeyuka ni milimoli 245, chini kidogo ya damu ambayo ina takriban 290. Mama akiyeyusha pakiti ya lita moja kwenye nusu lita ya maji, akiamini dawa kali ndiyo inayoponya, jumla hiyo inafika 490, utumbo unakuwa na chumvi na sukari kuliko damu, na maji yanatoka kwa mtoto kuelekea kwenye utumbo. Ukikaa naye, mchoree mstari huo hata kama ni ardhini kwa kijiti, na umwoneshe maji yatakwenda upande gani, ndipo mpime pamoja hiyo lita moja.