Andika tarehe, usiseme tu "amechanganyikiwa"

Mdogo wangu alipoanza kuumwa tuliambiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), mwaka na kitu baadae daktari mwingine akasema hapana hii ni bipola (mudi inapanda na kushuka kupita kiasi), mama akakasirika eti wanabahatisha tu. Kumbe na sisi tulichangia, kila tukiulizwa ilianzaje tunajibu "alichanganyikiwa ghafla", sasa hapo daktari ashike lipi?

Maana ukimkuta mtu siku amechafukwa huwezi kujua ni lipi. Wa bipola akipanda sana naye anasikia sauti, naye anaamini anafuatiliwa, hata sonona kali inaweza kumfikisha mtu huko, na wa skizofrenia naye anapata huzuni nzito. Cha kuangalia ni kipi kilitangulia, na mudi ikitulia zile sauti zinaondoka nayo au zinabaki? Zikija na kuondoka na mudi, hiyo inaelekea bipola au sonona. Kwenye skizofrenia zinakuja hata mtu akiwa hana furaha iliyopitiliza wala huzuni, na kwa mwongozo wa Marekani (DSM) dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau miezi 6. Hata Kraepelin, daktari Mjerumani aliyeyatenganisha haya magonjwa mwishoni mwa miaka ya 1800, alikuwa anafuatilia wagonjwa wanavyokwenda kwa miaka, sio kwa siku moja.

Basi nikaanza daftari. Jumanne: kalala masaa mawili, hachoki, anaongea bila kituo. Wiki tatu mbele: analala vizuri, anakula, anataniana na watoto, ila kaifunika tivii kwa shuka kwa sababu inamtaja jina. Daktari alipofika huo mstari akasimama, akaniuliza mara mbili, una uhakika siku hiyo mudi ilikuwa kawaida? Na ilikuwa hivyo zaidi ya wiki mbili mfululizo, nimeandika tarehe zote.

Ndo tukaambiwa skizoafektivu, yaani ya katikati, jina lipo tangu 1933 ila sisi hatukuwahi kulisikia. Saa hivi anatumia litiamu, dawa ya kutuliza mudi, pamoja na dawa ya kutuliza zile sauti, na damu anapimwa mara kwa mara coz litiamu ikizidi ni sumu.

Kingine, dawa ya sonona aliyobakisha ndugu mwingine usimpe, kama ni bipola inaweza kumrusha juu kabisa. Na bangi kama anavuta mwambie daktari, usione aibu. Sisi tuliificha miezi minne, mama ndo hakutaka.