Magofu na roho za watu

Ndugu, umeuliza kama ni haki kuwatuma vijana wafe wakilinda magofu, ukatoa mfano wa Palmyra, mji wa kale kule Syria. Mimi ninaishi Ujiji, si mbali na mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na ninakiri kwamba jumba letu la makumbusho likishika moto huku mtoto akiwa ndani, hakuna mtu hapa mtaani atakayeanza kuokoa picha na sanamu.

Hata hivyo, vita mara chache huleta chaguo jepesi namna hiyo. Mnamo Februari 1944 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakipigana na Wajerumani yaliipiga kwa mabomu abasia (makao ya watawa) iliyo juu ya mlima wa Monte Cassino, Italia, yakiamini kwamba kuibomoa kungeokoa askari wao. Waliouawa humo walikuwa hasa raia waliokimbilia hifadhi, Wajerumani wakajichimbia kwenye kifusi, na mlima haukutekwa hadi mwezi Mei. Jengo lilikwenda, na roho zikaenda pia.

Kuhusu Palmyra, Khaled al-Asaad, mwanaakiolojia aliyeyatunza magofu hayo kwa takriban miaka 40, aliuawa mwaka 2015 na wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu (ISIS), na inaelezwa kwamba alikataa kutaja mahali vitu vya kale vilipofichwa. Yeye alijitolea mwenyewe. Kumwamuru kijana wa miaka 20 afanye vivyo hivyo ni jambo jingine kabisa, nami nisingetia saini amri hiyo, ingawa ningemheshimu kamanda anayekubali kuchelewa siku mbili ili apitishe vifaru vyake mbali na magofu.