Leza haisafishi mzizi wa jino peke yake

SWALI: Shikamoo daktari. Gego langu la chini limeoza hadi kwenye kiini na usaha umeanza kutoka. Kliniki moja wameniambia wana leza inayoua wadudu wote kwenye mzizi kwa dakika tano, sina haja ya kusafishwa kwa dawa wala kurudi kuvishwa kofia ya kulifunika jino. Je, leza haiharibu dentini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Inaweza kuiharibu, inategemea ni leza gani na iko mkononi mwa nani. Lakini kilichonikera kwenye barua yako ni hilo la "sina haja ya kusafishwa". Nalisikia kila mara, na kwa kawaida msemaji ana mashine mpya anayotaka irudishe gharama zake.

Dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya tabaka la nje, ina vijitundu vya upana wa mikromita 1 hadi 3 hivi, na bakteria hujipenyeza humo. Leza ya erbiamu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 2,940, hunyonywa sana na maji yaliyomo kwenye dentini. Maji hayo huchemka ghafla na kulipuka, yakabandua tope la unga lililoachwa na faili (kijisindano cha kukwangulia ndani ya mzizi), na vijitundu vikabaki wazi. Leza ya neodimiamu (nanomita 1,064) na zile za dayodi hufanya kazi kwa namna nyingine. Joto lake likizidi, uso wa dentini huyeyuka kisha huganda ukawa laini kama kioo, pengine na nyufa na masizi. Mwenye mashine atakuonyesha picha ya uso huo na kusema "tumeziba". Ndiyo, wamefunga mlango, na mwizi yumo ndani! Isitoshe, joto la nje ya mzizi likipanda kwa nyuzijoto 10 hivi, mfupa unaolishika jino huwa hatarini.

Halafu mwanga huenda moja kwa moja. Gego la chini lina mifereji mitatu ndani ya mizizi yake, mara nyingi minne, iliyopinda na yenye matawi membamba yasiyofikiwa na ule uzi mwembamba unaopitisha mwanga wa leza. Kinachoyeyusha nyama iliyokufa humo ni dawa ya maji iitwayo haipokloraiti ya sodiamu, na tope huondolewa na dawa nyingine, EDTA ya asilimia 17. Leza haiyeyushi nyama kwa namna hiyo. Kazi yake nzuri ninayoiheshimu ni kuisukasuka dawa kwa nishati ndogo ya erbiamu ili ipenye kwenye kona. Yaani ni msaidizi wa dawa, hawezi kukaa mahali pake.

Wapo wanaofukiza jino kwa moshi na kukuonyesha "mnyoo" waliomtoa. Tunawacheka, kisha tunamlipa aliyevaa koti jeupe kwa ahadi ileile, eti kwa sababu kifaa chake kina taa. Na hao wa "usirudi kwa kofia" ndio wanaonipa kazi kubwa: gego lililotobolewa hadi kwenye mizizi limebaki na kuta nyembamba, wiki chache za kutafuna mahindi ya kuchoma linapasuka hadi chini ya fizi, na hapo kilichobaki ni kung'oa.

Kabla hujakaa kitini, uliza wanasafisha kwa dawa gani, kama watatandika kile kipande cha mpira cha kulitenga jino na mate, na kama utapigwa eksirei baada ya mifereji kujazwa. Wakikujibu kwa kukuonyesha bango la ukutani, omba eksirei yako ya kwanza uondoke nayo. Usaha usisubiri: tafuta daktari mwingine wiki hii hii.